Tezi Iliyosamehe

"Vua koti, Mwalimu, blauzi ipandishe kidogo mgongoni, halafu usiongee," Zulfa wa kliniki akaniambia. Miaka kumi na mitano iliyopita nilimtoa msichana huyu nje ya darasa langu kwa kosa la kuongea. Nikanyamaza, maana kila mtu na zamu yake.

Kikombe cha kusomea tezi kilikuwa cha baridi. Alikibandika upande wa kulia, juu kidogo ya figo, mahali anapoishi mpangaji wangu. Sisi tunaovaa tezi pandikizi tunaziita hivyo, wapangaji, kwa sababu zinakaa ndani mwako, zinakula damu yako, na huna habari kamili ya mambo yao. Yangu niliwekewa nikiwa na miaka thelathini na minane, baada ya kifua kikuu kutoka mapafuni na kwenda kuzila tezi zangu mbili za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo kama kofia. Kabla ya hapo nilikuwa nimekonda, ngozi imekuwa nyeusi tii, naanguka kila nikisimama, nalamba chumvi kiganjani kama mbuzi. Wakaotesha seli zangu mwenyewe kwenye glasi, wakazitia ndani ya kifuko kidogo chenye akili ya kuisikiliza damu, wakanishonea. Baada ya mwezi nilikuwa nimerudi shuleni kuwafokea watoto.

Kusomwa kwenyewe nilikwenda kwa sababu ya sheria tu. Mtu mwenye tezi pandikizi hasimami mbele ya Baraza la Maridhiano kutoa neno mpaka tezi yake isomwe, na yeye mwenyewe asomewe kwa sauti. Neno langu lilikuwa la kesho yake, saa tatu asubuhi. Nilikuwa naenda kuthibitisha kwamba bado nimemsamehe Gwamaka, kijana wa mtambo wa mvuke aliyemuua binti yangu Tumpe. Msamaha wa Baraza hutolewa mara mbili, wa pili miaka saba baada ya wa kwanza, na bila ule wa pili mkosaji anakwenda gerezani miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na hakika na ndiyo yangu kiasi kwamba nilikwisha panga nikitoka kliniki nipitie sokoni kununua mbegu za karoti.

Zulfa alianza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Homoni ya kotisoli inapanda alfajiri, inashuka jioni, vizuri. Ubongo unaagiza, tezi inajibu, homoni ikitosha ubongo unanyamaza, vizuri. Nilitikisa kichwa kama vile nasahihisha mtihani wake. Miaka ishirini na tisa nimefundisha habari hizi: kwamba kuna tezi zenye mfereji, kama za mate na machozi na jasho, ambazo kila kitu chao kinaonekana, na kuna tezi zisizo na mfereji, ambazo humwaga mambo yao kwenye damu moja kwa moja na wewe unaona matokeo tu. Nilikuwa nawaambia watoto waziogope hizo za pili, wanacheka.

Halafu Zulfa akaacha katikati ya mstari. Akairudisha nyuma mistari kwenye kioo chake, akaisoma tena kimoyomoyo.

"Mwalimu, pete yako ya pili anayo nani?"

Kila tezi ina pete mbili. Moja unavaa mwenyewe. Ya pili hushikwa na mtu ambaye hali chungu kimoja na wewe. Sheria inakataza kumpa mume au mke, kwa kuwa serikali nayo inawajua wanandoa. Mshika pete ana kazi mbili. Ukianguka ukazirai, anaizungusha kulia na tezi inakumiminia homoni ya kukuinua. Tezi yenyewe ikichanganyikiwa ikawa inamwaga adrenalini bila breki, anaizungusha kushoto. Hiyo inaitwa tuliza. Inaziba adrenalini, inabana kotisoli, na inafungua kichumba cha pembeni chenye oksitosini, homoni ile ile inayoshusha maziwa ya mama na kumfanya amtazame mtoto wake kwa amani hata kama hajalala siku tatu.

"Anayo Lwitiko, mdogo wangu," nikasema. "Tumbo moja."

"Imezungushwa kushoto," Zulfa akasema. "Mara tisa. Na mara zote tisa tezi ilikuwa nzima, Mwalimu. Hukuwa umeanguka. Hukuwa na tatizo lolote."

"Soma."

"Labda upumzike kwanza nikuletee..."

"Zulfa, sheria inasema usome kwa sauti. Soma."

Akasoma. Ya kwanza ilikuwa tarehe kumi na nne Agosti, miaka saba iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Sikuhitaji kuambiwa saa hiyo nilikuwa wapi. Nilikuwa nimesimama mbele ya Baraza, kijiji kizima cha Isombe kikinitazama, mwanangu ana siku kumi na mbili tangu afe. Nilikuwa nimesimama ili niseme hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kisha kitu kikalegea kifuani, kikatulia taratibu kama chungu kilichoepuliwa jikoni, nikamtazama Gwamaka nikamwona mdogo, amechoka, mtoto wa mtu. Nikasema nimemsamehe. Watu walilia. Watu wa redio wakaja. Padri mmoja alinitolea mfano mahubiri matatu mfululizo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa benchi la mbele nikajiona mtu wa maana.

Ya pili ilikuwa tarehe ishirini Januari iliyofuata. Siku hiyo mume wangu Ambakisye alibeba mizigo yake akaondoka. Alikuwa ameniambia, "Mama Tumpe, aliyesema yale maneno barazani simjui. Nimeishi na wewe miaka ishirini na mbili, yule simjui." Nilifunga begi langu nimfuate Chunya tukaongee. Nikiwa mlangoni nikaona hakuna haja. Nikafungua begi, nikarudisha nguo kabatini moja moja, nikapika ugali nikala. Miaka yote hii nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mwanaume yule alikuwa na moyo mgumu.

Saba zilizobaki zote zilikuwa za tarehe mbili Agosti. Kila mwaka, siku aliyokufa Tumpe. Ya mwisho ilikuwa na siku kumi na mbili tu.

Nilimwomba Zulfa aifunge tezi yangu, asiweze mtu yeyote kuiamuru kutoka nje, mimi mwenyewe nikiwa mmojawapo. Akasema akifunga, siku nikianguka hakuna atakayeniinua. Nikamwambia kuanguka nakujua, nimeshaanguka sana, aniache nianguke. Akaifunga, akanipa hati ya usomaji yenye mihuri. Sikununua karoti.

*

Kutoka mjini hadi Isombe ya Chini ni dakika arobaini kwa gari la waya, unaning'inia juu ya mashamba ya chai mvua ikipiga kioo. Nilitumia dakika zote arobaini kujaribu kukumbuka mara ya mwisho kulia. Nilikumbuka nilivyolia usiku wa kwanza, na wa pili, na siku ya maziko. Baada ya hapo sikukumbuka kitu. Sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni umri, nilidhani ni sala, nilidhani mimi ni jabali.

Lwitiko alikuwa kibarazani kwake anamenya maharage mabichi kwenye ungo. Ni mtendaji wa kijiji, mwaka wa kumi na moja sasa, mtu anayependwa mpaka na wadaiwa wa michango. Nilimlea mwenyewe baada ya mama yetu kufa. Nilimfundisha kusoma, nikamfundisha baiolojia, nikamtafutia mke.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia. Tangu ajue kusema sijawahi kuacha shikamoo ya Lwitiko idondoke chini. Aliinua macho.

"Vua pete," nikamwambia.

Hakuuliza pete gani. Aliitazama kidoleni, akasema, "Wamekusoma."

"Mara tisa, Lwitiko."

Alimenya ganda moja, la pili, punje zikadondoka ungoni. Nilimwacha. Mwalimu anajua kusubiri jibu.

"Unakumbuka ulivyoniambia jioni ile kabla ya Baraza?" akasema.

"Nakumbuka. Nilisema nikisimama nitawaambia wamchome."

"Na vijana wetu walikuwa na madumu manne ya petroli nyuma ya ofisi yangu. Niliyaona, nikayanusa. Walikuwa wanasubiri neno lako tu wapande Isombe ya Juu kwa kina Gwamaka. Nyumba sitini na mbili, dada. Nusu ya watoto wa kule umewafundisha wewe."

"Ungeita polisi."

"Niliita. Daraja lilikuwa limekatika. Walifika saa nane mchana, nyumba zote zingekuwa majivu." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Sikukupa maneno mimi. Nilikutuliza tu. Msamaha uliutoa mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nikiwa nimeleweshwa."

"Si wewe uliyetufundisha?" Sauti yake ilipanda kidogo, akaishusha. "Kidato cha pili. Ulisema homoni ni mvua. Inanyesha juu ya kila paa, lakini anayepata maji ni aliyetega ndoo. Homoni inapita kwenye damu mwili mzima, seli isiyo na kipokezi chake haisikii kitu. Ulituandikia ubaoni. Sasa kama ndani yako hapakuwa na msamaha, ile dawa si ingepita tu? Ilikuta ndoo, dada. Ndoo ilikuwa yako."

Iliniuma kwa sababu nilisema hivyo kweli, na kwa sababu kisayansi hakukosea. Hakuna homoni inayojua jina la Gwamaka. Hakuna homoni inayojua sarufi. Kwa kiasi fulani lile neno lilitoka kwangu, na mpaka leo sijui ni kiasi gani, na kutojua huko ndiko alikonifanyia ndugu yangu. Nikitaka kujichunguza moyo nione ni nani aliyesema, namkuta yeye amesimama mlangoni na pete.

"Haya," nikasema. "Ya kwanza ni ya nyumba sitini na mbili. Ya tarehe ishirini Januari ilikuwa ya nyumba ngapi?"

Alichukua ganda jingine, akalirudisha ungoni.

"Lwitiko."

"Ulikuwa umefunga begi," akasema polepole. "Nilikuona kutoka barabarani."

"Nilikuwa namfuata mume wangu."

"Ungekaa na Ambakisye mkaongea, ungerudi na neno lingine. Yale yote yangeanza upya. Niliogopa."

"Kwa hiyo ukanivunjia ndoa ili usije ukaumbuka."

"Usiseme hivyo, dada."

"Na tarehe mbili Agosti? Zote saba?"

Hapo machozi yalimtoka. Ana machozi ya karibu tangu utotoni. "Nilikuwa sitaki uumie. Siku ile tu, mara moja kwa mwaka. Nilijua ikifika utaumia."

"Ulikuwa unakuja na kilo ya sukari."

"Ndiyo."

"Unakunywa chai yangu. Mkono mmoja kwenye kikombe, mwingine chini ya meza."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilikuwa kimeshonewa kabisa ndani ya mgongo, na nilikuwa nakikaribisha chai.

Nilinyoosha mkono, akavua pete. Ilimkaba kwenye fundo, ikabidi akilambe kidole. Alipoiweka kiganjani mwangu ilikuwa bado ya moto na yenye mate.

"Nilifanya kwa upendo, dada."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana hata kukutukana vizuri siwezi."

Nilikuwa nimekwisha shuka ngazi aliponiita. "Kesho sema ndiyo," akasema. "Mimi nifanyeni mtakalo. Ila yule kijana ana watoto watatu sasa. Kila masika anakulimia bustani. Ana kosa gani jipya?"

Nilikwenda nyumbani nikampigia Ambakisye. Hatukuwa tumeongea kwa miaka minne. Nilimsomea hati yote, mistari tisa, kama nilivyosomewa. Mwisho wake hakuniambia neno nililolistahili, lile la "nilikuambia". Alikohoa, akauliza kama nimekula. Kisha akasema atapanda basi la alfajiri.

*

Baraza hukaa kwenye bwalo la shule ya msingi. Nimesimamia mitihani isiyo na idadi kwenye bwalo lile, najua mbao zote zinazolia. Isombe ya Juu walikaa upande wa dirishani, Isombe ya Chini upande wa jiko. Miaka saba imewachanganya, wameoana, lakini siku ya Baraza kila mtu hurudi upande wake bila kuambiwa. Ambakisye alikuwa amefika, amekaa benchi la nyuma na koti lake la mvua, nywele zimekuwa nyeupe. Lwitiko alikuwa meza ya mbele na faili zake. Hakuwa na pete, na alama yake kidoleni ilionekana nyeupe.

Gwamaka alisimama katikati. Ana miaka thelathini na minne. Kiganja chake cha kushoto kimejikunja kwa kovu, maana alipogundua kuna mtu ndani ya bomba alikwenda kuifunga koki ya moto kwa mkono mtupu. Wanaoingia kusafisha bomba huacha vitambulisho vyao kwenye ubao, na anayefungua mvuke lazima avihesabu kwanza. Alikuwa na zamu mbili mfululizo. Hakuhesabu. Tumpe alikuwa mwanafunzi wa mafunzo pale, ana wiki tatu, ana miaka kumi na tisa. Mke wa Gwamaka alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, wawili wengine wameshika khanga yake.

Mwenyekiti, Mzee Anyosisye, alivaa miwani. "Mwalimu Subilaga, miaka saba iliyopita ulisimama hapa ukasema umemsamehe huyu. Sheria inatutaka tukuulize tena. Bado?"

"Kwanza isomwe hati yangu, Mzee."

Alidhani ni utaratibu tu. Alisoma mstari wa kwanza kwa haraka, wa pili polepole, na kuanzia wa tatu sauti yake ilianza kutafuta njia. Alipofika jina la mshika pete alilisoma mara mbili. Bwalo lilivuma. Mtu mmoja upande wa jiko aliinuka akamwita Lwitiko nyoka, mwingine upande wa dirishani akasema nyoka gani, alituokoa huyu. Mzee akagonga meza mpaka wakatulia.

Moyo ulikuwa unanienda mbio. Mate yalikauka, viganja vikalowa, na mwalimu aliyemo ndani yangu akawa anahesabu: hiyo adrenalini, hizo tezi za mate zimefunga, hizo za jasho zimefungua. Miaka saba sikuwahi kuwa hivi. Niliogopa, na nilifurahi kuogopa.

"Sikumsamehe," nikasema. "Siku ile nilisimama hapa kusema hapana, nikafungwa mdomo kutoka ndani. Mmenisifu kwa kitu ambacho sikukifanya. Naomba mnirudishie yale maneno."

Mke wa Gwamaka alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Tumekusikia," Mzee akasema. Alikuwa mzee mwenye huruma, na huruma yake ilinitia hasira. "Sasa neno la leo, Mwalimu. Sheria haina neno la katikati. Ukisema ndiyo, anakwenda nyumbani. Ukisema hapana, gari lipo nje. Leo hakuna mwenye pete. Useme wewe."

Nikamtazama Gwamaka. Nilimtafuta yule kijana mdogo aliyechoka niliyemwona mara ya kwanza, sikumpata. Nilimwona mtu mzima aliyesahau kuhesabu vitambulisho, akamchemsha mwanangu. Nilimwona pia mtu aliyenilimia bustani mara saba, anayejua mahali ninapoweka jembe. Wote wawili walikuwa ndani ya shati moja na sikuweza kumfukuza mmoja nikambakiza mwingine.

"Mwalimu," Gwamaka akasema. Hakuruhusiwa kusema, lakini hakuna aliyemzuia. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Pete sikuijua. Ila kila nikija kwako unanipa chai, unaniuliza watoto. Hata siku moja hujanifokea. Unamfokea kila mtu hapa kijijini, Mwalimu. Mimi peke yangu hujawahi. Nilikuwa narudi nyumbani nalala chini. Nilijua msamaha haujafika bado. Nimeusubiri."

Nilifungua mdomo niseme hapana, na kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa sauti ambayo sikuijua, ilitoka chini ya mbavu, na macho yangu, yenye tezi zake za Mungu ambazo hazikuwahi kuugua, yakafunguka. Nilivua mtandio nikaufunga kiunoni. Nikakaa sakafuni katikati ya bwalo, miguu nimeinyoosha mbele, nikaanza kumlilia Tumpe kwa jina. Nilimwita kama mtu anayeita mtoto kutoka ng'ambo ya mto. Nilimwambia chakula kimepoa. Nilimwambia mambo ya miaka saba.

Kwetu penye msiba hakuna kesi. Si sheria iliyoandikwa, lakini hakuna mwenyekiti aliyewahi kuivunja. Ukiwepo msiba, hata wanaogombea mpaka wa shamba hubeba jembe wakachimbe kaburi. Mzee Anyosisye alivua miwani. Akafunga faili, akavua na kofia.

"Baraza limesimama," akasema. "Kuna msiba."

Wanawake walishuka kwenye mabenchi, wa Juu na wa Chini, wanajifunga khanga viunoni huku wanakuja. Mtu alitandika mkeka, wakaniinua wakanikalisha juu yake. Mmoja akanishika mgongo, mwingine akaanza wimbo wa msiba kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia. Waliniambia "ndaga, ndaga", pole ya kwetu, kana kwamba mtoto amekufa asubuhi ile. Na alikuwa amekufa asubuhi ile. Ambakisye alikuja akapiga magoti, akaniwekea mkono kichwani, kisha akaenda kukaa na wanaume, akalia kwa sauti kama hajali nani anamsikia.

Kisha akaja Lwitiko. Yeye ni mjomba wa marehemu, na mjomba kwenye msiba ana mahali pake, hatafutiwi. Watu walimpisha. Alivua viatu akavishika mkononi, akaja mpaka ukingoni mwa mkeka, uso wote umelowa, akainama anishike mkono.

"Wewe hapana," nikamwambia.

Wimbo ulikatika. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu akifukuzwa msibani. Mwizi hafukuzwi. Mchawi hafukuzwi, anapewa uji kama wengine. Kikongwe mmoja alininong'oneza, "Mwanangu, usifanye hivyo, ni mjomba," na nilijua ananiambia haki. Lwitiko alibaki ameinama, ananisubiri nibadilike. Alikuwa amezoea kwamba nikisubiriwa kidogo nabadilika.

Sikubadilika. Iliniuma pale pale, ikapanda, ikaendelea kupanda, na hakuna kitu kilichokuja kuizima. Nilimlea yule mtoto. Nilikuwa namfunga kamba za viatu. Akanyoosha mgongo, akageuka, akatembea kati ya watu hadi mlangoni na viatu vyake mkononi, akatoka nje kwenye matope na soksi.

Wanawake walianza tena kuimba, lakini kwa woga. Hapo ndipo nilipomwona Gwamaka. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa mkeka, mahali pale pale, amesimama na ule mkono wake uliojikunja. Alikuwa anasubiri afukuzwe. Watu wote walinitazama.

Nilimtazama nikiwa nalia. Nilikuwa namchukia, nasema kweli, na sikuwa na haraka ya kuacha. Kikongwe akasogeza miguu yake kidogo, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Sikusema kitu. Gwamaka akavua viatu, akakaa.